Nilimwanika mkwe wangu mbele ya ukoo kwa kitu nisichokijua

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi nipokee hivyo hivyo, maana mimi wa leo sina hata uso wa kuamkiwa. Naomba msaada, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, ukimaliza utaona mwenyewe kama pana cha kucheka.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nane, dobi katika hoteli moja, miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya mashuka ya watu, hakuna doa nisilolijua, la mvinyo, la chai, la wino, la damu, nikikunjua shuka nakwambia mgeni alilalaje, na ujuzi huo ndio ulionivimbisha kichwa nikadhani najua kila kinachomtoka mwanadamu. Naishi na mwanangu wa pekee na mke wake, nyumba ya vyumba vitatu na ua, mwanangu ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi, na mkaza mwanangu ni fundi umeme, ndiyo, mwanamke, anapanda mapaa ya watu kufunga paneli za sola, mtaani wanamwita Fundi Mwanga, na sitasema uongo, hata siku nilizomnunia, nikimwona kule juu na bisibisi mdomoni nilikuwa nawaambia wapita njia kwamba yule ni wangu.

Ndoa yao ina mwaka wa tatu na hakuna mtoto. Sikuwahi kumuuliza, mshauri, nilikuwa naangalia tu, na kuangalia kwangu ndiko kulikoniponza. Ndoo ya taka ya bafuni naimwaga mimi kila Jumamosi, basi mwezi mmoja nikaona hakuna pedi, wa pili hakuna, wa tatu hakuna, moyo ukaniruka, nikasema ashukuriwe Mungu, mkwe ameshika mimba na ananificha kwa haya, nikanunua uzi wa sufu nikaanza kufuma kisweta, na kwa kuwa mdomo wangu hauna komeo nikamwambia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Redio na jina hilo hakupewa bure, kufika Jumatatu hata muuza mkaa alinipa hongera.

Mwezi wa tano tumbo la mkwe bado bapa kama meza ya kupigia pasi. Siku moja nikamkuta jikoni anachemsha kitu kwenye kopo la bati, nikauliza, "Unapika nini mwanangu?" akasema, "Kitu changu tu mama, naua vijidudu," akafunika. Siku hiyo hiyo tukiwa mezani akaniuliza taratibu, "Mama, hivi nyinyi zamani, kabla ya pedi, mlikuwa mnatumia nini?" nikaweka kijiko chini, nikamwambia mambo hayo hayazungumzwi penye chakula, na leo ndipo naelewa kwamba alikuwa amenifungulia mlango na mimi nikaubamiza usoni mwake.

Basi nikaingia chumbani kwao. Naandika bila kupamba: mwanangu hayupo, mkewe yuko kazini, nikaingia chumbani kwa watu wazima nikafungua droo, nikakuta kifuko cha pamba, ndani yake kitu kama kengele ndogo, laini kama chuchu ya chupa ya mtoto, kina kimkia chini na vimistari pembeni kama vya kipimo cha dawa, mshauri, nilikaa kitandani mwao, nikajiambia, kumbe hiki ndicho kinachowazuia wajukuu wangu kuja duniani.

Sikumuuliza yeye, sikumuuliza nesi, sikumuuliza mtu yeyote mwenye akili. Niliita kikao. Alikuja shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, dereva wa malori mstaafu na ndiye mkubwa wa ukoo, alikuja Redio, mwanangu alikuwepo, na mkwe akafika na ovaroli kwa kuwa tulimwita kutoka kazini. Nikasimama, nikakiinua kile kitu juu, nikasema, "Mnaniuliza mjukuu yuko wapi? Jibu lenu hili hapa, mwenzetu amejifunga kizazi kwa siri." Shemeji akakipokea, akavaa miwani, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakiminya, akakinusa, mshauri, alikinusa, halafu akauliza kwa upole wa mtu mzima, "Hiki si cha kunywea dawa hiki?"

Mkwe hakupandisha sauti. Alisema, "Baba mkubwa, hicho ni kikombe cha hedhi. Kinavaliwa ndani, kinakinga damu, unamwaga, unaosha, unavaa tena. Hakizuii mimba. Huko juu ya mapaa hakuna choo, na pedi moja ilikuwa inalowa kabla sijamaliza kufunga hata paneli mbili."

Kikombe kilimponyoka shemeji kikadunda sakafuni mara tatu kikatulia miguuni pangu, Redio akapiga yowe kama amekanyaga nyoka, na shemeji akabaki ameunyoosha mkono wake mbali naye kama mkono wa mtu mwingine. Hapo ndipo ningeomba radhi yakaisha. Mkwe alinyoosha mkono akasema, "Nipe, mama, tafadhali. Daktari ameniambia nipime damu ninayotoka na niandike, miezi mitatu, umebaki mmoja," akachomoa daftari dogo kwenye mfuko wa ovaroli akanionyesha. Sikuliangalia. Masikio yalikuwa yananivuma kwa fedheha, na mbele ya macho yangu sikumwona yeye, nilijiona mimi nikiwa msichana, nafua vitambaa vya nguo kuukuu nyuma ya nyumba, navikausha chini ya godoro vikibaki na unyevu na harufu, naapa kwamba siku nikishika mshahara wangu sitafua damu yangu tena, na sasa huyu, msomi, mwenye kazi yake, anarudi kwa miguu yake kule nilikotoroka mimi mbio. Nikasema, "Uchafu huu haulali nyumbani kwangu," nikakiokota, nikatoka nacho uani, nikakitumbukiza kwenye choo cha shimo, wote wananitazama kupitia mlango.

Mwanangu muda wote alikuwa anaangalia viatu vyake. Mshauri, alikuwa anajua! Yeye ndiye aliyekwenda na mkewe kukinunua, na aliona haya kufungua mdomo mbele ya baba yake mkubwa.

Mkwe hakulia. Alisema "Sawa, mama," akarudi kazini.

Siku ya kumi na moja akazimia. Alikuwa anashuka ngazi kutoka paa la shule, vidato viwili vya mwisho, wenzake wakamdaka, wakakuta damu imepenya ovaroli mpaka kwenye soksi. Nilifika hospitali na aproni ya kazi, nikamkuta daktari, binti mdogo tu, amesimama kando ya kitanda anasoma lile daftari, anauliza, "Vipimo vya mwezi huu viko wapi?" Mkwe akajibu kwa sauti nyembamba kama uzi, "Kikombe kilipotea." Hakusema kilitupwa. Hakunitazama. Alisema kilipotea. Na daktari, bila kujua anaongea mbele ya nani, akasema haidhuru, miezi miwili imetosha kuwatia wasiwasi, na picha waliyompiga leo imeonyesha uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ndio unaomwagisha damu kiasi kile, na kwa pale ulipokaa huenda ndio uliomchelewesha kushika mimba, "na bahati yake alikuja mwenyewe kuuliza kwa nini hapati mtoto, wengi hawaji."

Alikwenda mwenyewe. Nilichokitupa mimi chooni kilikuwa sehemu ya safari ya kumtafuta huyo huyo mjukuu ninayemlilia.

Wakamwongeza damu chupa mbili, alipotoka akaenda kwa mama yake, upasuaji ni wiki tatu kutoka leo, na amemwambia mwanangu, "Sitaki mtu wa nyumba ile anifuate wodini." Mwanangu anakula amesimama, akimaliza anaondoka. Redio naye ameshatangaza kwamba mkwe hana kizazi. Mimi nikiingia kazini nikiona shuka lenye damu nakaa chini. Sijui niende kwa mama yake nikapige magoti, au nitume mtu, au ninyamaze mambo yapoe. Na jingine nakuuliza kwa aibu, umri huu wangu: kitu kile hakiwezi kupotelea ndani?

Ni mimi,
Mama Mkwe Niliyeishiwa Maneno


MSHAURI ANAJIBU

Mama, barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Nilipofika pale shemeji aliponusa, nikakaa. Ulipofika chooni nikaiweka mezani nikatoka nje kwanza, kwa sababu nisingekujibu kwa adabu.

Tuanze na swali lako la mwisho, kwa kuwa hilo ndilo ulilopaswa kuliuliza mwanzo na lingekuokoa. Hakipotei. Mlango wa mfuko wa uzazi ni mdogo sana, hakipiti hapo, kinakaa kilipowekwa mpaka mwenyewe akitoe. Hakizuii mimba, hakileti uvimbe. Kinachemshwa kabla ya siku na baada ya siku, kinashikwa kwa mikono iliyonawa, hakikai zaidi ya saa kumi na mbili bila kumwagwa, na kwa anayetoka damu nyingi ni mapema zaidi. Ndiyo maana ulimkuta na kopo jikoni. Yule binti alikuwa msafi kuliko sufuria zako, na wewe ukaita uchafu.

Sasa nikuseme. Uliisoma ndoo ya taka kama barua uliyoandikiwa. Ukamtangazia mimba ambayo hajakwambia. Ukaingia chumbani kwake. Ukakibeba kitu cha siri cha mwili wake ukakipitisha mkono kwa mkono mbele ya wanaume. Alipokuomba kwa heshima, "nipe, mama," ukakitupa. Lipi kati ya hayo utasema lilikuwa bahati mbaya? Mimi silioni. Na bado, kitandani, hana damu mwilini, akakusitiri. Alisema kilipotea. Mimi miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki sijawahi kuona mkwe aliyevumilia hivyo, na wewe ulikuwa naye ndani ya nyumba ukawa unahesabu pedi.

Lakini yule msichana wa nyuma ya nyumba nimemwona, mama, na namwonea huruma. Hukuwa mchafu wewe. Kitambaa hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kukikausha chini ya godoro kwa hofu, badala ya kamba na jua. Wewe dobi, unajua kuliko mimi kwamba damu haitaki maji ya moto, na kwamba hakuna kitu jua kali lisichokisafisha likiachiwa. Wapo wasichana leo wanaotumia pedi za kitambaa zilizoshonwa vizuri, wanafua kwa maji baridi na sabuni, wanaanika mbele ya dirisha kama soksi, na maisha yanaendelea. Mkwe wako hakurudi ulikotoroka. Yeye alichagua. Wewe hukuwahi kupewa nafasi ya kuchagua, na hapo ndipo uchungu wako ulipo. Sasa acha kumlipizia yeye.

Na ukimaliza kusoma, mpe mwanao gazeti hili. Bwana mdogo, ulikwenda naye dukani, unajua kikombe ni cha nini, na mkeo alipokuwa anavuliwa nguo kwa maneno wewe ulikuwa unakagua viatu. Mama yako alikosa kwa kutojua. Wewe ulikosa ukiwa unajua. Acha kula umesimama ukimnunia mama, nenda kakae na mkeo umwambie uliogopa. Neno hilo hilo, "niliogopa." Usilitafutie jingine zuri zaidi.

Mama, unauliza uende, utume mtu au unyamaze. Mambo haya hayapoi kwa kunyamaziwa, yanachacha. Ita kikao. Watu wale wale, chumba kile kile. Mkwe asiitwe, hana deni la kuja kukutazama ukijisafisha. Simama uliposimama, useme uliingia chumbani kwake, ulimzulia, ulitupa kitu alichokuwa anapimia damu kwa agizo la daktari, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa anahangaikia mtoto wakati ninyi mnahesabu miezi. Usiseme "kama nimekosea." Umekosea. Redio apewe taarifa sahihi, na aitangaze kwa sauti ile ile aliyotangazia uongo, nyumba kwa nyumba, akianza na muuza mkaa.

Kwa mama yake nenda mara moja, mchana, bila mpambe. Ukikaribishwa ingia, usipokaribishwa sema yako mlangoni urudi. Usimnunulie kikombe kingine. Saizi ni ya mwili wake, na baada ya upasuaji daktari ndiye atakayemwambia lini na kipi. Na wodini usikanyage. Amekataa kwa mdomo wake, na hilo ndilo jambo la kwanza utakalomtii.

Na ninyi wa nyumba nyingine mnaosoma hapa mkidhani hayawahusu: damu inayolowesha pedi kila saa moja au mbili, yenye mabonge makubwa, inayokutia kizunguzungu, msiambiane "mwili wako ndivyo ulivyo." Nendeni hospitali.

Limebaki moja. Upasuaji unataka damu. Ukoo mzima ulioona kinyaa kwa damu ya binti yule uamke asubuhi, uende ukapange foleni kumchangia damu, kila ambaye umri na afya vinamruhusu. Wewe tangulia mstari.


ALIVYOTUANDIKIA BAADAYE

Mshauri, wiki tano zimepita. Kikao nilikiita. Nilisema yote. Nilipomaliza Redio akawa anataka kusema kitu, shemeji akamzuia, akavua miwani, akasema, "Mke wangu alitoka damu hivyo hivyo kwa miaka sita mpaka akafa. Sikuwahi kumuuliza. Nilidhani ni heshima." Hakuna aliyekuwa anajua.

Kwa mama yake sikukaribishwa. Nilisema mlangoni nikarudi.

Kuchangia damu tulikwenda wanne. Shemeji walimkatalia kwa umri, akagoma kuondoka, akakaa kwenye benchi na sisi mpaka wa mwisho. Mwanangu alitoa. Redio alitoa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikaa nusu saa bila neno. Mimi nilitoa, nilipoinuka nikaanguka, wakaninywesha juisi.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya nne simu ikaita, namba yake. Nilipokea.

Akasema, "Mama. Nimeambiwa ulitoa damu."

"Ndiyo."

"Na nimeambiwa ulizimia."

"Kidogo tu."

Kisha nikamsikia anacheka, anasema usinichekeshe mama, mshono unauma. Mimi nilikuwa nalia.

"Njoo kesho saa ya kuona wagonjwa," akasema. "Njoo peke yako. Na mama, ukifika mlangoni, bisha hodi."